Usichague kisiwa kwa kutazama picha

Jumanne usiku wiki iliyopita simu yangu ililia nikiwa tayari nimevua viatu. Alikuwa binti wa dada yangu, yule muuguzi aliyeko Leeds, Uingereza. "Shikamoo, Mjomba," akasema, na hata sijamaliza kumjibu marahaba alikuwa ameshauliza swali lake: "Kati ya Mauritius na Ushelisheli, ni kisiwa kipi kizuri mwezi wa Desemba?"

Kwanza nilidhani ni mambo ya anasa, nikawa tayari kumkumbusha kwamba nyumba ya mamake inavuja. Kumbe mambo hayakuwa hivyo. Mpwa wangu huyu amekaa ughaibuni miaka 11. Ana watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa mitano, na wote wawili hawajawahi kumwona nyanya yao ila kwenye kioo cha simu. Krismasi tatu mfululizo amezipitisha wodini. Safari hii amepewa wiki mbili, na fedha amekuwa akiziweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Anataka wote wakutane kisiwani: yeye, mumewe na watoto watoke huko, dada yangu atoke Nairobi, nami niandamane naye kwa sababu ana umri wa miaka 74 na goti lake la kulia halina raha.

Na kwa nini kisiwani, si Nairobi? Akanieleza kwamba huko Leeds mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Yeye huingia kazini gizani na kutoka gizani. Madaktari wa huko huwashauri watu wameze mikrogramu 10 za vitamini D kila siku tangu majira ya vuli hadi mwisho wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tufikirie kuimeza mwaka mzima, kwa sababu jua la kule halitoshi ngozi yetu. "Mjomba," akasema, "nataka watoto wangu walione jua na wamwone nyanya yao katika wiki moja."

Hapo nikakaa chini. Tena nikafikiri kwamba si yeye pekee. Kila mwaka ifikapo Septemba, jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani huanza kuuliza maswali kama haya, na familia nyingi za hapa mjini huitwa zikutane nao mahali penye mchanga mweupe. Wengi huchagua kwa picha, ilhali picha ya kisiwa hupigwa siku nzuri, saa nzuri, na mtu mwenye magoti mazima.

Tuanze na upepo, maana ndio unaotangulia yote. Mabaharia wetu hawakuwa na picha. Walikuwa na kaskazi na kusi. Kaskazi huanza kuvuma kiasi cha Novemba au Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kusi huchukua zamu kuanzia Aprili. Basi Ulaya inapoganda, sisi wa pwani hii tumo katika kaskazi, vuli inamalizika, na Januari na Februari huwa ni miezi mikavu na yenye joto. Huu ndio msimu ambao hoteli zetu za pwani hujaa wageni kutoka Ujerumani na Italia. Hawakuja kwa bahati. Wamesoma kalenda.

Lakini ukivuka bahari kidogo tu, kalenda hubadilika. Mauritius iko mbali kusini, kiasi cha digrii 20 chini ya Ikweta, na miezi ya Novemba hadi Aprili kwao ndiyo ya joto, mvua na vimbunga. Januari 2024 kimbunga kilichoitwa Belal kilipita karibu na kisiwa hicho na mafuriko yakayasukumana magari katika barabara za Port Louis. Sisemi kila anayekwenda Desemba hukumbwa na kimbunga, la. Wengi huenda na kurudi salama wakiwa wamepata mvua za jioni tu. Lakini mtu aliyeweka akiba miaka miwili kwa ajili ya wiki moja ana haki ya kujua kwamba anaingia wakati wa vimbunga, na kwamba majirani wa kisiwa hicho hukitembelea kwa raha zaidi kati ya Mei na Novemba.

Ushelisheli nayo iko karibu na Ikweta, kwa hivyo vimbunga huipita mbali. Tatizo lake ni mvua. Upepo wa kaskazini-magharibi huleta mawingu mazito Desemba na Januari, na Mahé, kisiwa kikubwa chenye mlima unaozidi mita 900, huyakamata yote. Januari ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote pale. Picha haikuonyeshi hilo.

Wenzake wa kazini walikuwa wamempendekezea Tenerife, kisiwa cha Uhispania kilichoko mbele ya pwani ya Moroko na Sahara Magharibi. Ni karibu kwao, saa nne na ushei kwa ndege, na nauli ni nafuu. Hata hivyo, kile si kisiwa cha kitropiki. Joto la mchana mwezi wa Januari ni kama la Nairobi mwezi wa Julai, wakati ambapo sisi hapa hatutoki bila sweta. Mzungu aliyetoka kwenye theluji ataliona kuwa ni joto tamu. Dada yangu angeuliza kama tumemleta kumgandisha.

Maldives ndiyo iliyonipa taabu kuipinga. Kwa jua, hapana kasoro: kuanzia Januari hadi Aprili huwa kavu, na bahari hutulia kama maji ya birika. Ila nilimfikiria dada yangu. Kule kila hoteli huwa peke yake juu ya kisiwa chake kidogo, ambako utafikishwa kwa boti au kwa ndege ndogo inayotua majini, na chakula cha siku utakinunua palepale kwa dola. Hakuna soko wala jirani, na hakuna mtu wa kumwamkia kwa lugha yake. Kwa wanandoa waliotoka harusini ni pahali pazuri. Kwa ajuza anayependa kujua bei ya nyanya na nani ameaga dunia, siku ya tatu ni kifungo. Visiwa wanavyoishi wenyeji, ambako siku hizi kuna gesti za bei ya chini, vingemfaa zaidi, lakini bado safari ni ndefu na lugha ni ngeni. Kuhusu Jamaika na Barbados, jua la Desemba hadi Aprili huko ni safi kabisa, lakini mama wa kutoka Nairobi ataombwa apitie nusu ya dunia. Hayo tuliyaacha.

Tukabaki na visiwa vyetu wenyewe, na hapo nilimwomba mpwa wangu anipe nafasi nitubu dhambi yangu ya zamani.

Miaka mingi iliyopita niliwapeleka watoto wangu Unguja, upande wa mashariki. Niliona tangazo lenye picha ya maji ya samawati yanayogusa mlango wa chumba, nikalipa. Makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza, tulikwenda Aprili, masika yenyewe, kwa kuwa ndiyo likizo ya shule niliyoipata na bei ilikuwa nusu. Mvua ilinyesha siku nne kati ya sita. La pili ni kwamba asubuhi ile mvua ilipokatika, tulitoka mbio na taulo mabegani, tukakuta bahari haipo. Si mzaha. Maji yalikuwa yamekupwa hadi kwenye mwamba wa nje, zaidi ya kilomita moja, na kati yetu na mawimbi kulikuwa na tope, majani na akina mama waliokuwa wakivuna mwani. Binti yangu mdogo aliniuliza ni nani aliyeichukua. Mwenye gesti hakuwa amedanganya, picha yake ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya saa kumi jioni.

Kwa hivyo jifunze mwezi kabla ya kulipa chochote. Pwani yetu ina maji makubwa: siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Siku hizo maji hukauka kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana, na saa za kuoga hugeuka. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwenye watoto wadogo anayetaka waoge asubuhi kabla jua halijawa kali atazame kalenda ya mwezi, achague juma lake. Au achague upande: huko Unguja, Nungwi na Kendwa zilizo kaskazini haziathiriki sana na kupwa, ilhali Paje, Bwejuu na Jambiani za mashariki ndiko bahari hutembea. Sisemi mashariki ni kubaya. Watoto wakubwa wenye viatu vya mpira miguuni hufurahi mno kutembea juu ya ile sakafu ya bahari wakitafuta kaa na nyota za baharini, mradi wakae mbali na yale madudu meusi yenye miiba mirefu, na wageuke kurudi kabla maji hayajaanza kurudi nao.

Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kuipenda Unguja. Mji Mkongwe, karafuu, lugha moja. Nami ningemwunga mkono, hata Mafia ningeitaja, maana huko kati ya Oktoba na Machi huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hana neno na mtu. Hapo ndipo nilipomuuliza: "Mamako ana pasipoti?"

Kimya.

Hana. Hajawahi kuvuka mpaka maishani mwake. Kitambulisho chetu cha Kenya hutuvusha hadi Uganda na Rwanda, lakini Tanzania inataka pasipoti. Hilo linaweza kushughulikiwa, ni suala la picha, ada na kusubiri. Lililonitia wasiwasi ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mtu anayetoka Kenya huombwa cheti hicho Zanzibar, na pia Mauritius, Ushelisheli na Maldives. Vijana wetu huchomwa sindano hiyo bila kufikiri, wakapewa kadi yao ya manjano, na tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote, haiishi baada ya miaka 10 kama zamani. Lakini kwa mtu aliyepita miaka 60 anayechomwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Daktari hulipima jambo hilo kwa mgonjwa mmoja mmoja, na wapo anaowaambia wasichanjwe. Isitoshe, cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Nimewahi kuona familia ikibishana kwenye foleni ya uwanja wa ndege, mama mzee akiwa amekaa juu ya sanduku, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kadi yake.

Mpwa wangu ni muuguzi, sikuhitaji kurudia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nimetafuta hoteli, Mjomba. Sikumtafuta Mama."

Basi tukarudi nyumbani. Humu nchini tuna visiwa, ingawa huvisahau. Mombasa yenyewe ni kisiwa, jambo ambalo watu wa Nairobi hulikumbuka wanapokwama kwenye feri ya Likoni tu. Kuna treni ya kwenda huko tangu 2017, na kwa mtu mwenye goti bovu, kiti cha treni ni rafiki kuliko cha basi. Ila fuo za kuogelea haziko kisiwani, ziko ng'ambo, Nyali na Bamburi kwa upande mmoja, Diani kwa mwingine, na hizo huwa na kelele wakati wa Krismasi. Wasini, kusini kabisa, mbele ya Shimoni, ni pazuri kwa siku moja: hakuna gari, wanawake wa kijiji wametengeneza njia ya mbao juu ya matumbawe ya kale, na mbele yake kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako watoto huwaona pomboo. Lakini Wasini ni mwamba mtupu. Mchanga wa kulalia ni haba, na maji ya kunywa kwa wenyeji ni taabu ya miaka yote.

Ndipo tukafika Lamu. Ndege ndogo kutoka Nairobi hutua Manda, kisha unavuka kwa boti dakika chache. Mji wa kale umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001. Vichochoro ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, ingawa miaka ya karibuni pikipiki zimejipenyeza, na kuna hospitali ya punda ambayo watoto wa Leeds wataisimulia shuleni mwaka mzima. Shela ina ufuo wa kilomita kama 12, na nyuma yake vilima vya mchanga vinavyoyahifadhi maji ya mvua yanayonywewa na mji mzima wa Lamu. Bahari haikimbii mbali kama kule Jambiani. Ukienda mbele zaidi ya kijiji, hata hivyo, mawimbi ya kaskazi huwa na nguvu, na mtoto wa miaka mitano asiachwe huko hata kwa sekunde moja.

Sikumficha mabaya. Ngazi za gati maji yakipwa huwa ndefu na zenye utelezi, kwa hivyo nilimwambia apange kumfikisha mamake wakati maji yamejaa. Nyumba za Lamu hupanda juu, na vyumba vizuri huwa ghorofa ya pili au ya tatu. Aulize kwa maandishi chumba cha chini chenye choo ndani. Aidha, tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, serikali za Ulaya zimekuwa zikitoa ilani kuhusu sehemu za bara za kaunti hiyo, mara nyingine zikikitenga kisiwa chenyewe. Asome ilani ya nchi yake kabla ya kulipa, kwa sababu bima nyingi hukataa kulipa fidia ukienda mahali ulipokatazwa. Kwa sababu hiyo hiyo tukakubaliana kwenda kwa ndege, si kwa basi.

Kisha malaria. Hapa nilikuwa mkali, naye akakasirika, maana ni fani yake. Watu wetu walioko ng'ambo hujiona wenyeji. "Mimi nilikulia Kisumu," husema, "mbu wananijua." Mbu hawamjui tena. Kinga aliyokuwa nayo hupungua akikaa miaka mbali, na watoto waliozaliwa kule hawana kabisa. Kule Uingereza, wengi wa wanaorudi na malaria kutoka safari si watalii weupe, ni watu wenye asili ya Afrika waliokuja kusalimia jamaa bila kumeza dawa. Mauritius ilitangazwa kuwa haina malaria mwaka 1973 na Maldives mwaka 2015, hiyo ni faida yao ya kweli. Pwani yetu bado. Wamwone daktari wiki sita kabla, wapate dawa ya kinga, na chandarua kiwepo usiku. Akaniambia, "Sawa, Mjomba. Nilikuwa nimepanga watoto tu wameze." Watoto tu!

Kuhusu tarehe, nilimwambia ukweli kwamba Februari ina jua la uhakika zaidi kuliko Desemba. Katika miaka ya El Nino, kama 1997 na 2023, vuli hukataa kuisha, na Desemba hulowa. Lakini likizo ya katikati ya muhula kwao Februari ni siku chache, nauli itakuwa ileile, na miaka hii Ramadhani nayo inasogea kuingia mwezi huo. Kwa mgeni mwenye adabu si kikwazo, ila vyakula vya mchana hupungua na mji huamka usiku. Amechagua wiki ya mwisho ya Desemba. Nauli za wakati huo hupanda kuanzia katikati ya mwezi, kwa hivyo ana hadi mwisho wa wiki hii kulipa.

Jana nilikwenda kwa dada yangu Umoja kumpasha habari. Alisikiliza yote, upepo, mwezi, punda, bima. Hakusema kitu kuhusu jua. Aliuliza kama wajukuu wanakula samaki mwenye miiba, na kama wanasikia Kiswahili. Nikamwambia mkubwa anasikia kidogo, mdogo hasikii. Akainuka, kwa goti lile lile, akaingia chumbani na kurudi na leso mbili mpya ambazo sikujua alizinunua lini, akaniuliza huko Lamu usiku kuna baridi kiasi gani.

Msomaji uliyewahi kumpeleka mzazi mwenye magoti mabovu Lamu, niandikie kupitia gazeti hili kabla ya Ijumaa. Hasa kuhusu zile ngazi za gati.